Kadi ya Kliniki Chini ya Godoro

Muhula wa pili wa mwaka wa pili nilimbeba mwenzangu mmoja. Wanachuo mnaelewa nikisema kubeba: mimi nilipata kitanda hosteli, yeye alikosa, basi tukalala wawili kwenye kitanda kimoja cha futi mbili na nusu, deka ya juu, mpaka UE zikaisha. Asubuhi moja ya mwezi wa tano, yeye akiwa kipindini, niliinua godoro nitandike vizuri nikakuta kadi. Kadi ya kliniki ya wajawazito. Jina lake limeandikwa, umri umeandikwa, tarehe moja ya mwezi wa nne imeandikwa. Kuanzia hapo kwenda chini ni patupu. Uzito hakuna, wingi wa damu hakuna, na ile sehemu ya SP, dawa ya kukinga malaria kwa mjamzito, haina hata alama moja.

Nikairudisha palepale. Nikatandika. Jioni tukala wali maharage sahani moja kama kawaida yetu, na wala sikumwuliza kitu.

Naandika makala hii kwa sababu ya ukimya ule, wa kwake na wa kwangu. Rafiki yangu nimemsomea yote kabla sijaileta kwa mhariri. Amekubali, ila kasema jina lake nisitaje na ile habari ya kutapika kwenye daladala niitoe. Nimeitoa.

Hoja yangu ni hii. Malaria kwa mjamzito ni jambo ambalo nchi hii inajua kulizuia, na kwenye vituo vya serikali huduma yenyewe ni bure. Lakini kinga inatolewa kliniki, na kliniki haianzi mpaka mwanamke aweze kusema kwa sauti kwamba ana mimba. Hapa chuoni tumefanya kusema kuwe kugumu kuliko kuugua.

Nianze na hiyo kinga, maana nimegundua hata sisi tunaojiita wasomi hatuijui. Mwezi uliopita nilimwuliza jamaa mmoja wa darasani kwetu, tena anafundisha Baiolojia, SP ni nini. Akanijibu ni dawa ya zamani ya malaria ambayo imeshapigwa marufuku. Nusu yake ni kweli. Mwaka 2001 SP ilichukua nafasi ya klorokwini kama dawa ya kutibu malaria Tanzania, baadaye vimelea vikaizoea, nayo ikaipisha dawa mseto. Haikupigwa marufuku. Imebaki na kazi moja kubwa, kumkinga mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Ni vidonge 3, vinamezwa vyote kwa mpigo, mbele ya nesi. Dozi ya kwanza inatolewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo kupita, yaani kuanzia kama wiki ya 13 au 14. Baada ya hapo, kila anapokwenda kliniki anapewa tena, ili mradi umepita mwezi tangu dozi iliyotangulia. Tangu mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani linataka mama apate angalau dozi 3 kabla ya kujifungua, na zikizidi ni vizuri zaidi. Asiyepewa SP ni yule anayetumia septrini kwa sababu ya VVU, kwa kuwa dawa hizo mbili haziendi pamoja, na hiyo septrini nayo inamkinga.

Sasa swali ambalo kila dada ananiuliza: kwa nini nimeze dawa ya malaria na mimi siumwi?

Kwa sababu malaria ya mjamzito ina ujanja wake. Vimelea vinakwenda kujificha kwenye kondo la nyuma, pale damu ya mama inapokutana na njia ya chakula na hewa ya mtoto. Vinang'ang'ania humo. Unaweza ukatobolewa kidole, kipimo kikasoma hakuna kitu, nawe ukatembea zako bila hata homa, huku mtoto anapunguziwa chakula kila siku na damu yako inaisha taratibu. Matokeo yake ni mama mwenye upungufu wa damu, mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au kuzaliwa chini ya kilo 2.5, na mtoto wa namna hiyo ana hatari kubwa zaidi ya kufa katika siku zake za mwanzo. Ndiyo maana SP inatolewa bila kusubiri uugue na bila kusubiri kipimo. Inafagia vilivyokwishajificha na kuzuia vipya kwa wiki kadhaa.

Na hapa ndipo tunapohusika sisi. Mimba ya kwanza ndiyo yenye hatari zaidi. Hata mwanamke aliyekulia kijiji chenye mbu, ambaye mwili wake umeshazoeana na malaria, akibeba mimba ya kwanza anakutana na vimelea vya kwenye kondo kama mgeni. Mwili unajifunza kadiri mimba zinavyofuatana. Hebu piga mahesabu: wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaopata ujauzito chuoni, wangapi kati yao ni mimba ya tatu? Karibu wote ni ya kwanza.

Mtu atasema tuna vyandarua. Tunavyo, baadhi yetu. Lakini nani anaingia ndani ya chandarua saa mbili usiku? Saa mbili tupo kwenye vimbweta tunajadiliana maswali ya test, taa inawaka, miguu iko wazi, na wengine tunaondoka hapo saa sita. Mbu wa malaria anaanza kazi giza likiingia. Ukifika chumbani, deka ya juu haina pa kufungia kamba. Mimi changu nilikifunga upande mmoja kwenye nondo ya dirisha na upande mwingine kwenye kabati la mwenzangu, akifungua mlango wa kabati kinashuka. Tena humo ndani tulikuwa wawili. Kiwiko changu au goti lake usiku kucha limeegemea wavu, na kwenye wavu uliokwisha dawa mbu anakuuma hapohapo. Sisemi chandarua hakina maana. Nasema kwa maisha yetu yalivyo, mjamzito wa hosteli anayetegemea chandarua peke yake amekingwa nusu usiku.

Kinachonichekesha ni kwamba mwaka 2013 serikali ilianza kugawa vyandarua kupitia shule za msingi huko Lindi, Mtwara na Ruvuma, na mpango ukaendelea mikoa mingine. Mtoto wa darasa la tatu anarudi nyumbani na chandarua mkononi. Mimi ninayesomea kumfundisha mtoto huyo, na nitakayekuja kusimamia ugawaji huo, nimefunga changu kwenye mlango wa kabati.

Turudi kwenye kadi. Kwa nini ilikuwa tupu?

Mwezi wa nne, mimba ikiwa na miezi kama mitatu, rafiki yangu alikwenda zahanati moja ya mjini. Alifika saa moja asubuhi. Akakaa kwenye benchi na akina mama wengine, akasikiliza somo, akapewa kadi, jina likaandikwa. Kisha akaulizwa mwenza wake yuko wapi. Akasema hayupo. Akaambiwa arudi naye, au alete barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuthibitisha kwamba hana mwenza. Saa tano na nusu alikuwa nje ya geti bila kupimwa, bila chandarua ambacho mjamzito hupewa hudhurio la kwanza, na bila ahadi ya SP.

Barua ya mtaa gani? Yeye anabebwa hosteli. Jina lake halipo hata kwenye daftari la mlezi wa hosteli, sembuse kwa mwenyekiti wa mtaa. Na mwenza mwenyewe alikuwepo, mwaka wa tatu, kitivo cha jirani. Hakuikataa mimba. Alichokataa ni kukaa kwenye benchi la kliniki ambapo angeweza kuonekana na mtu anayemfahamu.

Kumhimiza mwanaume aje kliniki ni jambo jema, sina ugomvi nalo. Anapimwa na mwenzake, anasikia mwenyewe kwa nini mkewe anameza vidonge vitatu, hatakuja kumwambia asimeze. Lakini kuhimiza ni jambo moja na kumrudisha mama nyumbani ni jambo lingine. Mimba haisubiri barua. Aliyeanza SP wiki ya 14, akirudi kila mwezi, anaweza kupata dozi 5 au 6 kabla ya kujifungua. Anayeanza wiki ya 30 akijitahidi sana atapata 2, labda 3. Na miezi ile ya katikati aliyoipoteza hairudishwi na dozi yoyote.

Angeweza kujaribu tena, au kwenda kituo kingine. Nilimwuliza baadaye kwa nini hakwenda. Akanihesabia. Siku ya kliniki ya wajawazito wanaoanza ilikuwa Jumanne, na Jumanne saa mbili asubuhi kulikuwa na kozi ambayo mhadhiri anaita majina. Wiki moja kulikuwa na test. Ukikosa test unahitaji ED, na ED inatolewa kwa mgonjwa, mjamzito si mgonjwa. Wiki nyingine bumu lilikuwa halijaingia na nauli hakuna. Halafu kulikuwa na sababu kubwa kuliko hizo zote: hakutaka mtu ajue. Mimi niliyelala ubavuni kwake nilikuwa wa kwanza asiyetakiwa kujua.

Nimelifikiria sana hili la kuficha, maana chuo hakimfukuzi mtu kwa mimba. Sheria hiyo haipo kwetu. Sasa tunaogopa nini?

Nadhani tumekuja na woga huo kutoka sekondari. Sisi tulioingia kidato cha kwanza 2017 tulianza mwaka uleule ambao Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi shuleni. Shule niliyosoma, kila tukitoka likizo wasichana tulipangwa mstari, tukapewa vikopo, mwalimu wa malezi akasimama mlangoni wa choo. Mara moja kuna mwenzetu alitolewa kwenye mstari, begi lake likaletwa na mtu mwingine, hatukumwona tena. Hakuna aliyetufundisha SP ni nini. Tulichofundishwa, na tulikifaulu vizuri, ni kwamba mimba ni kitu cha kufichwa mpaka kishindikane kufichika. Novemba 2021 serikali ikabadilisha msimamo, ikatoa waraka wa kuwaruhusu wanaokatiza masomo kwa mimba kurudi. Tulifurahi. Lakini waraka unabadilisha utaratibu wa ofisi. Lile somo la vikopo tumebaki nalo, tumekuja nalo hadi hosteli.

UE zikaisha. Tukapangiwa TP. Mimi nikapata Morogoro, yeye Tabora, shule ya kata, wilaya ambayo hata jina alikuwa hajawahi kulisikia. Kwao ni Njombe. Wanaosoma takwimu watanielewa: katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na malaria walikuwa asilimia 8 kwa nchi nzima, kutoka asilimia 18 mwaka 2008. Ni kazi kubwa iliyofanyika, tusiwe wachoyo wa kusifu. Lakini ndani ya wastani huo Njombe haifiki asilimia 1 na Tabora ni asilimia 23. Umetoa mtu aliyekulia kwenye baridi, ambaye mwili wake haujawahi kujizoeza na malaria, mimba ya kwanza, miezi sita, bila dozi hata moja ya SP, ukampeleka Tabora wiki nane na posho ya TP. Ofisi haikujua. Isingeweza kujua. Hakuna mahali kwenye ile fomu panapouliza, na hata pangekuwepo asingejaza.

Wiki ya tano alianguka darasani, kidato cha pili B, katikati ya somo la ngeli. Watoto ndio waliombeba. Malaria kali, na damu imepungua vibaya. Alichomwa sindano, akaongezewa damu chupa mbili, akalala hospitali ya wilaya siku sita. Mwalimu mkuu msaidizi, mama mtu mzima, ndiye aliyemlea kama mwanawe. Mama huyo ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuambiwa na rafiki yangu, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba ana mimba. Ilikuwa mwezi wa nane.

Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi, kabla ya siku zake, kilo 2 na gramu 100. Wakamfunga kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi wiki kadhaa. Sitasema malaria peke yake ndiyo iliyomfanya awe mdogo vile, nesi mwenyewe hakusema hivyo. Yupo, anatembea sasa, anavunja vitu. Mama yake aliahirisha mwaka. Mimi nipo mwaka wa mwisho, yeye bado ana mwaka mmoja mbele.

Mara mbili nimeleta hoja hii kwenye vikao vya wanafunzi na mara mbili nimejibiwa jambo lilelile, kwa maneno tofauti: mimba ni mambo binafsi ya mtu, na tukianza kuwawekea utaratibu tutakuwa tunahamasisha. Naomba nijibu kwa heshima. Hakuna msichana atakayebeba mimba ili apate vidonge vitatu vichungu na ruhusa ya Jumanne asubuhi. Kisha, si wote hawajaolewa. Darasani kwetu kuna dada watatu wana ndoa zao, wapo walioacha kazi ya ualimu wa cheti wakaja kusoma digrii, nao wanakwama kwenye mhadhiri yuleyule wa kuita majina. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 zaidi ya wajawazito milioni 12 walipata maambukizi ya malaria katika nchi za Afrika zenye malaria nyingi, na waliopata dozi 3 za SP hawakufika nusu. Hao wote si mambo binafsi.

Ninachokitaka ni kidogo kuliko bajeti ya siku moja ya michezo. Kadi ya kliniki ikubalike kama ED inavyokubalika. Mwanafunzi akionyesha tarehe na mhuri wa kliniki, apewe test nyingine, basi, bila maswali ya ziada na bila kupelekwa kwa mkuu wa idara kueleza habari za tumbo lake. Hilo linaweza kupitishwa na seneti ya chuo kwa kikao kimoja, na serikali yetu ya wanafunzi ina wawakilishi mle ndani. Zahanati ya chuo ikiweka siku yake ya wajawazito, hata mara moja kwa mwezi, mchana, itapunguza foleni ya mjini na huo wimbo wa barua ya mtaa. Ofisi ya TP iseme wazi, kwenye semina ile ya maandalizi ambayo tunafundishwa namna ya kufunga tai, kwamba mwenye sababu ya kiafya anaweza kubadilishiwa mkoa kwa siri, na imtaje mtu mmoja wa kumwona. Na misumari. Misumari minne kila deka ya juu. Hiyo hata mimi naweza kuchangia.

Kaka zangu, na ninyi nina neno. Benchi la kliniki halimli mtu. Nimekaa pale mwaka huu nikimsindikiza dada mwingine, nikaona wanaume wanne, wawili walikuwa wanasoma kwenye simu zao notsi za kozi. Waliingia wa kwanza kuhudumiwa, maana vituo vingi vinawatanguliza waliokuja wawili. Saa tatu walikuwa wameshatoka. Nendeni na chupa ya maji ya kunywa, kuna siku kituo hakina kikombe na dawa inamezwa palepale.

Nami najisema. Ningeuliza siku ile ya mwezi wa tano, pengine angenikasirikia wiki nzima. Tungeenda kituo kingine Jumanne iliyofuata, mimi ningesaini jina lake kwa yule mhadhiri (najua, najua), na kadi ingekuwa na alama moja kabla ya Tabora, labda mbili. Mama yangu alipokuwa na mimba ya mdogo wangu alipewa hati punguzo, ile ya kununulia chandarua kwa bei ndogo, na majirani wote walijua kwa sababu alizunguka nayo mtaa mzima akitafuta duka linaloipokea. Hakuona haya yoyote. Sisi tuna digrii, na kadi tunalalia.

Majina ya vituo vya TP yatabandikwa wiki ya kumi na mbili. Atakayeona amepangiwa Tabora, Mtwara au Kagera na ana jambo ambalo hajamwambia mtu, chumba changu kipo ghorofa ya pili, mlango wenye kitenge cha bluu. Nina chandarua kimoja kipya hakijafunguliwa, na Jumanne asubuhi muhula huu sina kipindi.